Redio ya Mzee: Vidole Vyake, Masikio Yake, Nyimbo Zake

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kahama, Katoro au Geita mjini, useme unatafuta kitu cha kupigia muziki nyumbani. Utaonyeshwa sabufa. Zitawashwa taa za rangi, itafunguliwa sauti mpaka vioo vya kabati vilie, kisha utakabidhiwa rimoti yenye vitufe vingi kuliko meno ya mtu mzima. Sasa sema kwamba unamnunulia bibi yako wa Kishapu, ana miaka 78 na anaishi na mjukuu mmoja. Muuzaji atafikiri kidogo, ataisogeza sabufa pembeni, atakutolea kispika cha bluetooth kinachoenea kiganjani. Amebadilisha ukubwa tu. Shida iko palepale.

Mzee anahitaji mashine inayofanya jambo moja kwa swichi moja, na ndani yake ziwemo nyimbo anazozijua yeye. Mashine ya namna hiyo siyo ghali. Redio ndogo ya flashi na memori kadi mara nyingi haizidi shilingi 40,000, wakati sabufa ya maana inakutoa laki na zaidi. Kazi iko kwenye nyimbo, na hapo ndipo wengi wanapochoka: wanalipa, wanachukua kadi iliyokwisha kujazwa na kijana wa kibandani, wanapanda basi. Wakirudi nyumbani sikukuu inayofuata wanaikuta redio juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Kabla ya dukani, tumalizane na suala la simu, maana vijana wengi waliopata hela machimboni hukimbilia huko: "Nitamnunulia mama simu janja, nyimbo zote zimo." Zimo, lakini simu hiyo inaingia ujumbe katikati ya wimbo, inadai bando, inazima kioo, inafungua matangazo ya kamari kwa mguso wa bahati mbaya. Halafu kuna jambo la vidole. Kioo cha simu kinahitaji ngozi laini yenye unyevu kidogo. Kidole cha mtu aliyepalilia pamba miaka arobaini kimekauka na kuota sugu, anagusa mara tatu simu haimtambui. Ataamini kosa ni lake, ataiacha. Kiswaswadu chenye memori kadi kina nafuu kwa kuwa kina vitufe vya kubonyeza, ila kufika kwenye nyimbo ni lazima apite menyu tatu zenye maandishi madogo. Simu iwe ya kupigiana. Muziki upewe chombo chake.

Mtazame kwanza yeye

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita una mambo yake. Mzee aliyechimba Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu huenda alishika zebaki na kuichoma kwa miaka, akivuta moshi wake. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na moja ya dalili zake ni mikono kutetemeka. Mtu huyo ukimpa kitufe kilicho sawa na punje ya mtama atakibonyeza mara mbili bila kutaka, au atabonyeza cha jirani yake. Kama mikono yake inatetemeka, tafuta swichi ya kuzungusha, kubwa, anayoweza kuikamata kwa vidole vitatu. Na kama kutetemeka huko hakujawahi kuangaliwa na daktari, safari ya hospitali itangulie safari ya dukani.

Aliyefanya kazi kwenye makarasha ya kusaga mawe ana tatizo jingine. Zile mashine zinanguruma kutwa, na waliozisimamia zamani hawakuziba masikio. Umri nao huchukua sehemu yake: masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba, zile zinazotusaidia kutofautisha "s" na "f" au "t" na "k". Ndiyo maana mzee anakwambia anasikia lakini haelewi. Sauti nzito za besi bado anazisikia vizuri. Sasa ukimletea sabufa, ambayo kazi yake kubwa ni besi, unamzidishia kile asichokosa na kukifunika kile anachokikosa. Atasikia mdundo, maneno yatapotea. Na kwa mtu aliyekua na muziki wa dansi, maneno ndiyo wimbo wenyewe. Hadithi ya mke aliyekimbia au rafiki aliyesaliti isiposikika, limebaki gitaa tu.

Jaribu hivi dukani. Mwambie muuzaji aweke wimbo wowote wa Kiswahili usioujua. Weka sauti nusu. Rudi nyuma hatua tatu, geuka, sikiliza. Kama maneno hayakufikii wewe mwenye masikio mazima, hiyo siyo redio ya mzee, hata kama inatikisa duka. Kisha ongeza sauti hadi robo tatu usikie kama spika inapasua. Redio ya boksi kubwa kidogo, la plastiki ngumu au la mbao, yenye spika moja inayotazama mbele, mara nyingi hushinda kispika cha duara kinachorusha sauti juu.

Macho hayana mengi. Chagua rangi ya mwili wa redio isiyofanana na ya swichi. Redio nyeusi yenye vitufe vyeusi ni mateso kwa mtu mwenye mtoto wa jicho.

Vipimo vya dukani

Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 ameijua redio kwa mkono wake kabla ya kujua kitu kingine chochote cha umeme. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilikuwa kikitengeneza redio na betri zenye jina la National, na Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips. Redio nyingi za enzi hizo zilikuwa na swichi ya kuzungusha: unaanza kuizungusha, inalia "tak", redio imewaka, ukiendelea kuzungusha, sauti inapanda. Kuzima ni kurudi nyuma mpaka ilie tena. Mkono wa mzee unaujua mzunguko huo bila kuagizwa. Redio za Kichina zenye swichi ya namna hiyo bado zipo sokoni, hasa zile zinazofanana na redio za zamani, na ndizo ninazoziweka mbele ya nyingine zote. Bei yake ni ileile au pungufu, kwa sababu muuzaji anaziona za kishamba.

Ukiikamata yenye swichi hiyo, weka kadi yako mwenyewe (nenda nayo, usitegemee ya dukani), kisha ufanye jaribio ambalo muuzaji hatalipenda kwa kuwa linachukua muda. Peleka mbele hadi wimbo wa saba. Uache upige kidogo. Zima. Hesabu hadi ishirini. Washa. Unachokitafuta ni mambo mawili. La kwanza, je, imerudi kwenye kadi yenyewe, au imefungua FM yenye mikwaruzo, au imekaa kimya ikisubiri bluetooth? La pili, je, imeendelea na wimbo wa saba au imeanza tena wa kwanza? Redio inayoanza wa kwanza kila inapowashwa itampa mzee wako nyimbo zilezile nne za mwanzo kila asubuhi mpaka azichukie, nawe utashangaa kwa nini nyimbo hamsini nyingine hazisikiki. Zipo nyingi za namna hiyo. Rudisha, omba nyingine.

Sikiliza pia kama redio inasema. Nyingi zina sauti ya mwanamke wa Kiingereza inayotangaza kwa nguvu kila unapobadilisha kutoka FM kwenda kadi. Kijana haijali. Bibi wa kijijini aliyeko peke yake saa kumi na moja alfajiri atashtuka, na wengine huikataa redio moja kwa moja kwa sababu hiyo.

Kitufe kinacholeta balaa kuliko vyote ni kile kilichoandikwa MODE. Kikiguswa, muziki unapotea na mzee hajui umekwenda wapi. Fundi redio yeyote, awe stendi ya Shinyanga au kwenye kibanda cha Ushirombo, anaweza kufungua mwili wa redio na kukitoa kitufe hicho kwa kutumia ile pasi yake ya risasi. Ni kazi ya dakika chache. Mwambie aondoe na taa za rangi kama zipo, zinakula chaji bure. Usipotaka kumlipa fundi, chukua utepe wa fundi umeme, ziba vitufe vyote visivyohitajika, acha viwili: swichi ya sauti na kitufe cha wimbo unaofuata. Hicho cha pili kipake rangi ya kucha, nyekundu. Watoto wa mjini watacheka. Waache wacheke.

Nchi za nje, Uingereza kwa mfano, wametengeneza mashine za wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa kufuata wazo hilohilo: unafunua kifuniko, muziki unaanza, unafunika, unanyamaza, kitufe kimoja kikubwa kinapeleka mbele. Huku kwetu hutazikuta madukani na kuziagiza ni gharama. Utepe na rangi ya kucha vinafika karibu sana na hapo.

Kuhusu chaji nitakuwa mkali kidogo. Kile kipande cha sola kilichobandikwa juu ya redio, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, ni pambo zaidi kuliko chanzo cha umeme. Usikubali kiongeze bei. Kama nyumbani kuna sola ya paa yenye taa, angalia kama ina tundu la USB, hapo redio itachajiwa bila shida. Angalia tundu la chaji la redio yenyewe: lile jembamba la zamani lina upande wa juu na wa chini, na mzee asiyeona vizuri atalisukuma kinyume mpaka livunjike. Tundu la Type-C linaingia pande zote mbili. Likipatikana, chukua hilo hata kwa elfu tano zaidi.

Redio nyingi ndogo hutumia betri ile ya simu za zamani za Nokia, BL-5C, ambayo inauzwa kila mahali na inatoka kwa kidole. Nunua mbili. Moja ikiwa ndani ya redio, nyingine iko kwa jirani mwenye umeme. Kwa mzee anayeishi mbali, ambako hata jirani hana umeme, redio inayokubali pia betri kubwa za tochi ni salama zaidi: zinagharimu, lakini haziambatani na waya wala foleni ya chaji. Akiihifadhi redio bila kuitumia, betri zitolewe, maana zikivuja zinakula chuma cha ndani.

Nyimbo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kijana wa kibandani ana folda inayoitwa Zilipendwa yenye nyimbo mia sita, na atakuwekea zote kwa bei ya soda. Usizichukue. Mle ndani amechanganya Mbaraka Mwinshehe na nyimbo za mwaka 2003, kwa kuwa kwake yeye vyote ni vya zamani. Nyingine zimerekodiwa kutoka disko, kuna DJ anajitaja jina kila baada ya dakika moja. Na mia sita ni nyingi mno kwa mtu mwenye kitufe kimoja cha kupeleka mbele. Sitini zinamtosha. Nyimbo za dansi ni ndefu, kwa hiyo sitini ni muziki wa saa nyingi.

Ukimuuliza mzee anapenda nyimbo gani, atakujibu: "Yoyote tu mwanangu, usijisumbue." Hiyo ni adabu, haijibu swali. Muulize mambo ya maisha yake. Harusi yake walipiga nini? Alipokuwa Mwadui, au Tabora shuleni, au Mwanza akiuza pamba, jioni walikwenda wapi? Walipolima kwa zamu, nani alikuwa anaongoza wimbo? Kisha fanya hesabu ndogo: nyimbo zinazomkaa mtu kichwani kuliko zote ni zile za kati ya miaka kumi na thelathini. Aliyezaliwa 1950 alikuwa na miaka ishirini pale Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipokwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya Osaka, mwaka 1970. Alikuwa hajafika thelathini Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Kenya, Januari 1979. Kwa mtu huyo weka Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Western Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Tabora Jazz, ambao kwa watu wa Shinyanga walikuwa bendi ya jirani. Aliye mdogo kwake kwa miaka kumi anakuhitaji umwekee Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, pamoja na Maquis, Marijani Rajabu na Vijana Jazz. Wachimbaji wazee waliozunguka machimbo, wengi wao walicheza muziki wa Kongo: Franco na Tabu Ley wasikosekane.

Nyimbo nyingi za bendi hizo za Tanzania zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na zilifika Shinyanga hasa kwa mawimbi. Watu wachache walikuwa na santuri. Kanda zake zilirithiwa na TBC. Nchini India, kampuni ya Saregama ilifanya jambo la akili mwaka 2017: ilichukua nyimbo 5,000 za zamani kutoka hazina yake, ikaziweka ndani ya redio yenye sura ya zamani, ikaiita Carvaan, na watoto wakawanunulia wazazi wao kwa wingi. TBC ikitoa redio ya namna hiyo yenye nyimbo mia tano tu za RTD, wateja wa kwanza watatoka katika familia zenye wazee. Mpaka hapo, utazikusanya mwenyewe moja moja.

Upande wa Kisukuma unahitaji uangalifu zaidi. Usiseme "muziki wa ngoma" ukadhani umemaliza. Jamii za wachezaji zimegawanyika tangu karne ya 19 kati ya Bagika na Bagalu, wanaofuata jadi za waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha, na ushindani huo bado unachezwa uwanjani kila mwaka Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo za mwezi Juni. Mzee aliyecheza ujanani ana upande wake. Ukimwekea Mgika nyimbo za Bagalu tupu, atasikiliza kwa heshima yako, basi. Muulize pia kama alikuwa mtu wa bugobogobo, ngoma ya jembe, au wa wigashe, zile nyimbo ambazo vijana waliimba wamekaa. Mtafiti Frank Gunderson amekusanya nyimbo za kazi za Kisukuma zaidi ya 300 katika kitabu kimoja kilichotoka 2010. Hiyo ikupe picha ya ukubwa wa shamba unaloliingia.

Nyimbo hizi utazipata wapi? Mnadani. Kwenye minada ya wiki huku kuna vijana wenye spika na kompyuta ndogo wanaouza nyimbo za Kisukuma kwa kadi, na wengine wanazijua kwa jina la mwimbaji na kijiji. Watakusukumia za mwimbaji Bhudagala na wenzake wa sasa kwa kuwa ndizo zinazouzwa. Chukua chache, huenda mzee akazipenda, lakini sisitiza za zamani. Zisipopatikana, zirekodi. Kaa na wazee watatu jioni, weka simu yako katikati kwenye kigoda, waombe waimbe. Sauti haitakuwa safi, jogoo atawika ndani yake. Itasikilizwa kuliko zote.

Usisahau kwaya. Kanda hii ina mizizi mirefu ya Africa Inland Church, ya Wakatoliki na ya Wasabato, na kwa akina mama wengi wazee wimbo wa ujana wao ni wa kanisani. AIC Shinyanga na AIC Makongoro ya Mwanza zinajulikana nyumba hadi nyumba. Mzee Mwislamu naye atataka kaswida na Kurani, kwenye kadi yake peke yake, zisichanganywe na dansi. Na kwa jumla ningetenga kadi mbili: ya ibada na ya dunia, zikiwa za rangi mbili tofauti. Mama aliyeokoka hataki kuisikia Maquis ikifuata baada ya pambio, hata kama moyoni anaukumbuka ule ukumbi wa dansi.

Sasa ufundi wa kadi, ambao vijana wa kibandani huupuuza. Tumia kadi isiyozidi GB 32. Redio ndogo nyingi hazisomi kubwa zaidi. GB 4 peke yake inabeba nyimbo kama elfu moja za kawaida, kwa hiyo hata ya bei ya chini inatosha. Faili zote ziwe MP3. Futa kadi yote kwanza, uipe muundo wa FAT32, usiweke folda ndani ya folda. Ziandike nyimbo namba mwanzoni: 001, 002, 003. Lakini namba peke yake haitoshi, kwa kuwa redio nyingi za bei nafuu hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyoingizwa kwenye kadi na wala hazisomi majina. Zinakili kwa zamu, ya kwanza ianze kuingia. Mwambie kijana wa kibandani pia azilinganishe sauti kwa programu ya MP3Gain. Rekodi ya 1968 iko chini na ya 1995 iko juu, na mzee atakuwa ananyanyuka kila wimbo kuhangaika na swichi.

Wengine hupenda kuweka salamu za wajukuu katikati ya nyimbo. Ni jambo zuri, ila ujumbe wa sauti wa WhatsApp hausomeki kwenye redio hizi mpaka ugeuzwe MP3. Na kwa mzee aliyeanza kusahau, fikiri mara mbili. Akisikia sauti ya mwanawe ndani ya nyumba anaweza kuinuka kwenda mlangoni kumpokea.

Kama anachotaka hasa ni redio

Wapo wazee ambao muziki kwao ni wa ziada. Wanachokitaka ni taarifa ya habari, mahubiri ya asubuhi na matangazo ya vifo. Hapo usimlazimishe kadi. Shinyanga atataka Radio Faraja, Geita atataka Storm FM, na pande zote mbili watu wa umri huo wamezoea Radio Free Africa ya Mwanza na TBC Taifa. Mnunulie redio ya mshale unaotembea kwenye namba, siyo ya kutafuta vituo yenyewe, maana hiyo ikibonyezwa kwa muda mrefu inafuta vituo vyote na kuanza upya. Kaa nyumbani kwake, tafuta kituo chake kinapokamata vizuri, weka alama ya rangi ya kucha pale mshale uliposimama. Jaribu pembe zote za chumba. Kwenye nyumba za bati kituo huja vizuri dirishani na kupotea hatua mbili ndani.

Siku ya kumpelekea

Redio iwekwe usawa wa mkono wake anapokaa, siyo juu ya kabati ambako ni lazima apande kigoda. Isikae jikoni. Kitambaa cha kufuma ni sawa, kinazuia vumbi la Shinyanga la kiangazi, ila kiondolewe inapopiga, kisizibe spika. Umbali kati ya redio na sikio lake ni muhimu kuliko ukubwa wa sauti: ukiisogeza karibu, anasikia maneno na majirani wanalala.

Usimfundishe kwa maneno mengi. Msalimie, kaeni, mnywe chai kwanza. Kisha, "Mayu (mama), naomba mkono wako," na mkono huo uuweke juu ya swichi, uache yeye azungushe. Ukimnyang'anya ili umwonyeshe haraka, umemwambia kwamba kitu hiki ni cha watoto. Mwache akosee, azime, awashe. Asubuhi ya pili usiiguse kabisa, uone kama ataiendea mwenyewe. Kama haiendei, muulize ni wimbo gani unamkera. Mara nyingi kuna mmoja au miwili ambayo yeye anaona haya kukwambia uitoe.

Yupo mtu mwingine wa kuzungumza naye: mjukuu wa kiume wa nyumba hiyo. Redio mpya ndani ya boma haikai wiki bila kuhamia chumbani kwake, kadi ikafutwa na kujazwa singeli. Mnunulie na yeye kispika chake, kile cha elfu kumi na tano. Ihesabu kama sehemu ya bei ya redio ya bibi.

Weka nakala ya kadi kwenye kompyuta au kwenye simu yako, kwa mpangilio uleule, kwa kuwa kadi za bei nafuu hufa bila taarifa. Na ukienda kununua, usiende mkesha wa Krismasi wakati maduka yamejaa na muuzaji hana subira na jaribio lako la wimbo wa saba. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, na kama mzee anaweza kutembea, nenda naye akaizungushe swichi hiyo kwa mkono wake kabla hujatoa hela.